Zana za bustani kwa mwenye pesa kidogo: nini ununue, nini utengeneze, nini uazime

Kila masika yanapokaribia simu yangu huita kwa swali lilelile. Mpwa wangu aliyehamia Chanika, jirani aliyestaafu juzi, hata dada mmoja aliyeniona kwenye daladala nimepakata miche ya mipapai: wote wanataka kuanza bustani nyuma ya nyumba, wote wanauliza wanunue nini, na wengi wao wamekwisha kulipenda toroli fulani dukani. Nimeandika hapa ili nikiulizwa tena niwe na pa kuwaelekeza.

Jibu fupi ni hili. Kwa bustani ya mchicha, matembele, bamia na nyanya za kulia nyumbani, vya kununua ni vinne: tupa, jembe, panga na chombo cha kumwagilia. Reki utatengeneza. Vingine utaviazima, au utavisubiri mpaka kazi yenyewe ividai.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua seti ya vijembe vidogo vyenye mipini ya plastiki, kijani na rangi ya chungwa, vimepangwa vizuri ndani ya boksi. Kijiko cha kuhamishia miche kilikunjika siku ya kwanza kwenye udongo mkavu wa Pugu. Reki yake ilidumu wiki moja. Pesa ya boksi lile ingetosha jembe zuri na chenji ya mbegu.

Bei sitaziandika. Bei ya Kariakoo si ya Kahama, na ya Januari si ya Machi, wakati mvua zinanukia na watu wamejaa mlangoni mwa duka la pembejeo. Ukiweza, nunua mapema: Januari kwa ajili ya masika, Agosti kwa ajili ya vuli. Muuzaji asiye na foleni atakuruhusu kugeuzageuza majembe kumi ndipo uchague moja, na hapo ndipo pesa yako inapookolewa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Andaa hivi:

- Futi kamba. Huna? Chukua kamba ya mita 5, upige fundo kila baada ya mita moja.
- Konzi mbili za udongo wa mahali utakapolima, na maji kidogo.
- Karatasi yenye orodha ya zana zilizomo nyumbani tayari, hata zilizovunjika. Kichwa cha jembe kilichotupwa nyuma ya banda la kuku mara nyingi ni chuma kizuri kuliko cha dukani leo.
- Jina la jirani au ndugu mmoja mwenye sururu na chepe, na ambaye hamjagombana.
- Pesa uliyonayo, taslimu. Ya kwenye simu ina tabia ya kuongezeka ukiwa dukani.

Sasa tuanze.

1. Pima eneo, halafu lipunguze

Wanaoanza hutaka kulima ua mzima. Usifanye hivyo. Mita 4 kwa 5 zinatosha kabisa msimu wa kwanza. Ndani yake yanaingia matuta matatu yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4, na njia mbili za nusu mita katikati yake.

Kwa nini mita 1.2? Kwa sababu mkono wa mtu mzima unafika katikati ya tuta kutoka kila upande, kwa hiyo hukanyagi palipolimwa. Udongo usiokanyagwa haushindiliwi, na usiposhindiliwa hutahitaji zana za kuupasua tena kila mwezi. Kipimo hiki kinaokoa pesa kuliko punguzo lolote la dukani.

2. Finyanga udongo wako

Lowesha udongo mpaka uwe kama unga wa chapati uliokandwa, kisha uviringishe kiganjani upate kijiti chenye unene wa kalamu.

Ukikatikakatika, una udongo wa kichanga, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam na mwambao. Chagua jembe jepesi lenye bapa pana. Ukikubali kupindwa mpaka uwe pete bila kupasuka, una udongo wa mfinyanzi: tafuta jembe zito kidogo na bapa jembamba, maana bapa pana kwenye mfinyanzi linakwama na kutoka na bonge la kilo tano. Ukiwa katikati ya hapo, jembe la kawaida litakufaa.

Kama kiwanja ni kipya, kina visiki na mawe ya fundi mwashi, bado usinunue sururu. Kazi ya sururu ni ya siku mbili. Iazime.

3. Gawa pesa kabla hujaziona zana

Tuseme una shilingi 50,000. Ninazigawa hivi: 20,000 za jembe, mpini na panga, 15,000 za chombo cha maji, 5,000 za tupa, na 10,000 hazitoki mfukoni mpaka wiki ya pili ya kazi. Hizi si bei, ni mafungu. Ukiwa na 30,000 au 100,000, mgawanyo ni uleule.

Fungu la mwisho ndilo watu wanalolidharau. Wiki ya pili utakuwa umekwisha kujua unachokosa kweli. Labda mpini umekuchubua, labda panya wamefukua mbegu zote na zinahitajika nyingine. Aliyemaliza pesa siku ya kwanza hubaki anaiangalia bustani.

4. Nunua tupa kwanza

Najua inashangaza. Lakini zana nyingi zinazoitwa mbovu ni butu tu. Jembe la bei ya chini lililonolewa linalima kuliko jembe la gharama lisilo na makali, na majembe mengi hutoka dukani yakiwa na rangi mpaka kwenye ukingo, makali hakuna.

Chukua tupa bapa ya inchi 8 au 10. Ile ya pembe tatu ni ya kunolea msumeno, itakusumbua. Igeuze kwenye mwanga: meno yakimetameta juu, yameshalika au ni ya kubabaisha. Tupa nyingi huuzwa bila mshikio, na ule mkia wake uliochongoka huchoma kiganja vibaya. Chomeka gunzi la mahindi. Linashika vizuri na ni bure.

Sababu nyingine ya kuitanguliza tupa utaiona hatua inayofuata, maana utakwenda nayo dukani.

5. Chagua kichwa cha jembe, usichague rangi

Hapa chukua muda wako wote.

Nunua kichwa peke yake, bila mpini. Jembe lililokwisha kutiwa mpini dukani mara nyingi limetiwa mti wowote uliopatikana, na mpini huficha tundu lisipate kukaguliwa.

Kwanza angalia tundu. Katika jembe zuri tundu na bapa ni chuma kimoja kilichofuliwa pamoja. Ukiona mshono wa kuchomelea unaounganisha pete ya tundu na bati la mbele, rudisha. Mshono ule utaachia siku utakapogonga mzizi, na kichwa kitaruka upande usioujua.

Pili, angalia unene ukiwa umelishika kwa ubavu. Karibu na tundu pawe panene, kisha chuma kipungue taratibu kuelekea kwenye makali. Jembe lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho limekatwa kwenye bati tu.

Tatu, lining'inize kwa kidole kimoja na uligonge kwa funguo. Chuma kizima hulia na sauti ikaendelea kidogo. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa, kama sufuria iliyopasuka.

Nne, omba ruhusa kisha pitisha tupa mara mbili kwenye kona ya makali. Ikizama kama kwenye sabuni, chuma ni laini na makali yatakunjika kila siku. Ikiteleza bila kuacha alama, ni kigumu mno, kitameguka kwenye jiwe. Unataka tupa iume, lakini ikutoe jasho kidogo. Muuzaji akikataa, mwambie utalipa ukiridhika. Akikataa tena, duka la pili lipo.

Tano, uzito. Wazee bado wanataja ratili: jembe la ratili mbili ni kama kilo moja hivi, la ratili tatu ni kilo 1.4 ukikadiria. Chukua linalolingana na mwili wako. Muuzaji atakusifia lile zito kwamba "linajilimia lenyewe". Halijilimii. Saa tatu asubuhi utalisifu, saa nne utakuwa umeketi chini ya mwembe.

Kuhusu mahali pa kununua: duka la pembejeo au la vifaa vya ujenzi mtaani linatosha. Ukiwa Dar es Salaam, mafundi wa Gerezani hufua zana kwa chuma chakavu, na ukikuta jembe au panga lililofuliwa kwa springi ya gari umepata kitu cha miaka, kwa sababu chuma cha springi kinashika makali. Muulize fundi ametumia chuma gani. Fundi mwenye kazi yake atakuonyesha kipande kilichobaki. Wasomaji wa Nairobi wana Kamukunji, sina la kuwafundisha.

Tahadhari. Usinunue jembe kwa kuangalia nembo peke yake. Nembo za majembe maarufu zinabandikwa kwenye bati lolote. Vipimo vitano vya hapo juu havibandikwi.

6. Mpini uwe wako

Mpini unaoitwa wa kawaida umepimwa kwa mtu ambaye humjui. Simamisha mti wima kando yako: mpini wa jembe ufike kati ya kitovu na kifua. Ukiwa mfupi utainama mpaka kiuno kikudai, ukiwa mrefu mno hutaweza kuongoza makali kati ya miche.

Mti wenyewe? Mpera ni mzuri sana: mgumu, haupasuki ovyo, na unalainika kwa kushikwa. Mkaratusi uliokauka unafaa pia na unapatikana kirahisi. Angalia nyuzi za mti zikimbie moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikikatiza kwa mshazari, hapo ndipo mpini utakapovunjika. Fundo katikati, hapana. Mti mbichi, hapana kabisa, maana utasinyaa ndani ya tundu na kichwa kitaanza kucheza baada ya wiki mbili. Ukikata mwenyewe, uweke kivulini wiki kadhaa kabla ya kuutumia. Juani unapasuka.

Kuna namna mbili za kutia mpini, kutegemea kichwa.

Jembe la tundu la duara: mpini unakuwa mnene upande wa kichwa na mwembamba upande wa mkono. Unapitisha kichwa kutokea upande mwembamba, unakishusha mpaka kikwame kwenye unene. Kisha unageuza kichwa chini na kugonga ule mwisho mnene wa mpini juu ya jiwe au gogo, mara tano, sita. Kila unapogonga, kichwa kinazidi kukaza. Namna hii ina faida kubwa: unapolima, nguvu ya kurusha inakivuta kichwa kuelekea kwenye unene, kwa hiyo hakichomoki.

Jembe la mkia, yaani lenye ncha ndefu nyuma badala ya tundu: hili huchomekwa kwenye mpini wenye rungu. Tundu la kwenye rungu hutobolewa kwa kuuchoma mkia wenyewe kwenye moto na kuuzamisha kwenye mti. Kama hujawahi, mpe anayejua. Ukitaka kujaribu, funga bapa kwa gunia lililolowa maji ili joto lisifike kwenye makali.

Tahadhari. Mpini ukivunjika ndani ya tundu, usitie kichwa motoni kuchoma kile kipande kilichobaki. Kila mtu anafanya, na kila mtu anashangaa kwa nini jembe halishiki makali tena. Moto unaondoa ugumu wa chuma. Toboa kile kipande kwa msumari mnene au keekee na ukigonge kitoke.

7. Panga

Kazi ya panga bustanini ni kufyeka majani, kukata fito za kuegemeza nyanya, kukatakata masalia ya kwenda kwenye shimo la mboji, na kwa ukweli hata kuhamishia miche. Ndiyo maana nimeliweka kwenye vinne vya kununua na kuliacha fyekeo, ambalo wengine huliita kwanja. Kwa mita 20 za mraba fyekeo halipati hata pa kuzungukia.

Angalia mshikio: chuma cha panga kipite mpaka mwisho wa mshikio na kishikwe kwa ribiti tatu. Lipinde kidogo ukiliegemeza mezani, liachie. Likirudi likanyooka, chukua. Likibaki limepinda, limekwisha kukuonyesha litakavyokuwa.

8. Maji: piga hesabu ndipo ununue

Siku za jua kali, mboga zinataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta yetu matatu yana mita za mraba 14.4, kwa hiyo lita 72, tuseme ndoo nne za lita 20 zisizojaa sana. Utazibeba. Hesabu hii ndiyo inayokuambia ununue nini.

Kama bomba lipo uani na maji hayakatiki, mpira wa maji utakupunguzia kazi. Kama mnapata maji kwa mgao, mpira ni nyoka wa plastiki tu. Weka pesa kwenye keni ya kumwagilia na kwenye pipa la kuhifadhia. Keni ya lita 10 ndiyo saizi. Ikijaa ni kilo kumi na ushee, na mtu anaweza kuiinamisha taratibu. Ukiweza kupata mbili ndogo badala ya moja kubwa, mwili unabeba kwa usawa na mgongo hauendi upande. Keni ya bati ijaze maji palepale dukani uone kama mishono inavuja.

Huna pesa ya keni? Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, lioshe kwa sabuni na maji ya moto. Toboa kifuniko matundu 15 hadi 20 kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, usiozidi milimita 2. Halafu toboa tundu moja juu ya mshikio kwa ajili ya hewa. Hilo la mwisho wengi husahau, kisha wanasema dumu halifai.

Tahadhari. Dumu lililobeba dawa ya mimea, rangi au kemikali yoyote halioshwi likatosha. Liache.

9. Tengeneza reki

Mbao ya inchi 2 kwa 2, urefu wa sentimita 40. Misumari kumi ya inchi 4, umbali wa sentimita 4 kati ya msumari na msumari, ukiacha sentimita 2 kila mwisho. Toboa kwanza kwa msumari mwembamba ili mbao isipasuke. Misumari itatokeza upande wa pili kama inchi 2, hayo ndiyo meno. Mpini wa reki uwe mrefu kuliko wa jembe, ufike kidevuni, na utie viegemeo viwili vya mshazari kutoka kwenye mpini hadi kwenye mbao, la sivyo kichwa kitazunguka ukivuta.

Reki ya dukani ni nzuri zaidi, sikatai. Lakini hii itakuvusha msimu mzima, na kazi ya reki ni kusawazisha tuta na kuokota majani tu.

10. Noa kabla ya siku ya kwanza ya kulima

Kaza jembe kwa kulikalia mpini au kulibana kwenye mlango wa mbao. Sukuma tupa kwenda mbele tu, kutoka kona moja ya makali hadi nyingine. Unaporudi iinue, usiiburute, maana kuburuta ndiko kunakoua meno ya tupa. Jembe linanolewa upande mmoja, kwa kufuata mlalo uliopo, yaani mteremko wa makali. Ukiona mstari wa chuma cheupe umepita makali yote, acha. Lisiwe kali kama kisu: makali membamba kupita kiasi yanakunjika kwenye jiwe la kwanza.

Panga noa pande zote mbili, kwa mlalo mwembamba zaidi, makali yakiwa yametazama mbali na mwili wako. Usipake mafuta kwenye tupa.

Baada ya kazi, kwangua udongo, futa, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Mimi nina ndoo mbovu iliyojaa mchanga uliochanganywa na mafuta kidogo, nachomeka jembe mara tatu, nne, linatoka safi na limepakwa. Oili chakavu ya gari wengi wanaitumia. Siipendi kwa zana zinazoingia kwenye mchicha wa kula.

11. Vya kuazima na vya kuacha

Chepe. Utasikia pia sepetu, koleo, beleshi, kila mtu na lake. Dukani onyesha kwa kidole, usibishane. Utalihitaji siku ya kupakia samadi, basi. Azima.

Toroli: mita 20 za mraba haziitaki. Karai la zege au gunia la kuburuta linafanya kazi ileile. Toroli langu la kwanza lilibeba watoto wa mtaa kuliko mbolea.

Mkasi wa kupogolea: subiri mpaka uwe na mti wa kupogoa.

Kijiko cha kuhamishia miche: upawa wa zamani wa chuma, au kijiti kilichochongwa.

Bomba la kupigia dawa la mgongoni: usinunue, na hili usiliazime kabisa. Kama mwenyewe alilitumia kwa dawa ya kuua magugu, masalia yaliyobaki kwenye mpira na mdomoni yanatosha kuua nyanya zako zote, na atakuapia kwamba alilisafisha. Chupa ya lita 1 ya kunyunyizia inatosha matuta matatu.

Viatu sikuviweka kwenye vinne kwa kuwa natumaini unavyo. Buti za mvua ni bora, viatu vyovyote vya kufunika mguu vinafaa. Kandambili si viatu vya kulimia. Vimelea vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, kwa hiyo ukijikata au ukichomwa na msumari, osha kwa maji mengi na sabuni, na uende kituo cha afya uulize kuhusu chanjo siku hiyohiyo.

Ukikwama

*Jembe linadunda, ardhi kama sakafu.* Mwagilia jioni, lima asubuhi. Kama bado linadunda, kagua makali. Usikimbilie jembe zito.

*Kichwa kinacheza.* Kukiloweka kwenye ndoo usiku kucha kunasaidia siku moja. Mti unavimba, ukikauka unasinyaa zaidi ya mwanzo na hali inakuwa mbaya kuliko jana. Gonga mwisho mnene kwenye jiwe kama nilivyoeleza. Ikishindikana, ongeza kabari ya mti mgumu, au zungushia ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli ndani ya tundu ndipo ukaze.

*Malengelenge viganjani siku ya pili.* Mpini una makwaruzo au rangi ya vanishi. Kwangua kwa kipande cha chupa au msasa, kisha upake mafuta ya kupikia na kuuacha ukauke. Na pumzika. Hakuna anayekufukuza.

*Makali yanakunjika kila baada ya kazi.* Kama chuma hakijapita motoni, umenoa ukayafanya membamba mno. Noa tena kwa mlalo mnene. Yakiendelea, chuma ni laini, litumie jembe hilo kuchanganyia samadi na lile fungu la 10,000 lianzie hapo.

*Makali yanameguka vipande.* Chuma ni kigumu mno, au una mawe mengi. Okota mawe kwanza kwa mkono, ndoo kwa ndoo. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

*Dumu linatoa maji kwa kigugumizi.* Tundu la hewa halipo au limezibwa na kidole chako.

*Maji yanafukua mbegu.* Matundu ni makubwa. Badilisha kifuniko, utoboe upya kwa sindano nene ya kushonea magunia. Wakati huohuo tandaza nyasi kavu juu ya tuta na umwagilie juu yake, kisha uziondoe mbegu zikichipua.

*Jembe limeazimwa na halirudi.* Hili nimeulizwa kuliko yote. Kabla zana haijatoka kwako mara ya kwanza, paka mpini pete za rangi ambazo mtaa mzima utazitambua, na mwazimaji umtajie siku ya kuihitaji, hata kama huihitaji. Za kwangu zina pete tatu za bluu iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. Jembe limetoka mara nyingi na limerudi kila mara. Panga bado nalisubiri tangu vuli.